Uzi Mmoja

Bożena Wilkosz hushona magauni ya harusi
kusini-magharibi mwa Chicago, chumba cha nyuma,
na ndege hushuka chini mno juu ya paa
hata pini hutetemeka kisahanini.
Ng'ambo ya ua wa uwanja, kwenye nyasi zilizofyekwa,
kuna kipimajoto kimoja. Hajawahi kukiona.
Siku nyingine humlisha. Siku nyingine humnyima.

Asubuhi alinunua hisa mia mbili
kwa senti ishirini na mbili kila moja:
kwamba leo kilele cha joto kitakuwa
tisini na saba au tisini na nane, kwa Farenhaiti.
Tisini na sita, hasara.
Tisini na tisa, hasara vilevile.
Riziki ipite katika tundu la sindano.

Kipimo hutolewa kila saa, dakika ya hamsini na tatu.
Saa sita: tisini na tatu.
Saa saba: tisini na tano.
Saa nane: tisini na sita,
na bei ikaruka hadi senti sitini na moja.
Angeweza kuuza. Mwingine angeuza.
Yeye aliukata uzi kwa meno, akatazama dari.
"Mmoja tu," akaliambia. "Niongeze uzi mmoja."

Dari likajibu kwa kishindo.

Juu yake anaishi Refugio Anguiano, miaka themanini na mbili,
na kiyoyozi kilichokufa tangu juzi.
Akapanda na bakuli la barafu, simu mfukoni.
Alimkuta chini, fulana imemganda,
kiti kimelala ubavu.
"Sikuanguka," akasema. "Nimeifuata sakafu. Ina baridi."

Alimfunga shingoni kipande cha shela kilicholoa,
shela ya bibi harusi aliyeghairi.
"Nje ni ngapi?"
"Tisini na sita."
"Kila siku unajua. Una ndugu pale uwanjani?"
Hakujibu. Wako wasemao kufa kufaana;
yeye hajapata kuisikia methali hiyo,
lakini ilikuwa imekaa nao sakafuni,
inatafuna barafu,
maana mkono mmoja ulikuwa ukimpoza mzee
na moyo ukiliomba jua liongeze.

Ndipo pazia likavimba
kama shavu la mtoto mbele ya mshumaa.
Upepo wa ziwani. Haukupiga hodi.
Ulikuwa umevuka reli, maghala, lami iliyolainika,
ukamfikia Refugio, naye akafumba macho.
"Aaa," akasema.

Bożena akalichukia lile pazia.
Sekunde mbili, labda tatu.
Ningependa kusema alijuta papo hapo. Sivyo.
Alilichukia, akapiga hesabu ya hasara,
ndipo akaona kifua cha mzee kikipanda na kushuka.

Saa tisa, dakika hamsini na tatu: themanini na nane.
Hisa: senti mbili.
Kuna watu, Seoul labda, labda Toronto,
waliouona upepo kwenye ramani ukitoka ziwani
wakauza kabla haujagusa pazia la mtu yeyote.
Wamelala vizuri. Hawajui ngazi za jengo lile zina nyufa,
wala haiwahusu.

Alishona pindo hadi usiku wa manane.
Asubuhi ikaja ripoti: kilele, tisini na sita.
Umepungua uzi mmoja.

Akaichomoa feni ya chumba cha kushonea,
akaipandisha juu, waya ukiburuta nyuma yake.
"Na leo je?" akauliza Refugio.
"Themanini na moja. Au mbili."
Senti thelathini na nne, hakulisema hilo.
Akaielekeza feni usoni pa mzee, akashuka upesi,
jasho likimtiririka mgongoni.
Mezani gauni jeupe, sindano tupu,
na simu iliyogeuzwa kifudifudi,
ambayo aliigeuza tena.