Rangi Iliyobaki

Mimi ndiye niliyeandika lile bango
pale unapoingia Harlow Fork, baada ya daraja la reli,
kabla hujafika duka la matairi la Szymkowiak.
Halmashauri ya kitongoji ilinilipa dola mia mbili na kumi
na ndoo ya rangi nyeupe, nusu.
KARIBU, juu. Chini yake: WATU WETU MASHUHURI.
Majina sita. Nafasi moja iache,
alisema katibu, Bi. Arlene Stuckey,
huwezi kujua nani anazaliwa leo.

Wa kwanza, Lucius Tefft, seneta:
alikaa hapa majira mawili ya joto
akiuguza mapafu kwa shangazi yake.
Wa pili, Imogene Sayre, mwigizaji.
Mama yake alikuwa safarini kwenda Cleveland,
theluji ikafunga njia, uchungu haukungoja.
Siku tatu tu za umri wake ni zetu.
Hizo tatu tumezing'ang'ania miaka themanini.
Wa tatu alibuni kifuniko cha chupa ya dawa
ambacho watoto hawawezi kukifungua,
na bibi zao pia hawawezi.
Wa nne, jenerali. Simjui aliyewahi kumwona.
Wa tano alipiga tarumbeta usiku
mpaka majirani wakatia sahihi aondoke.
Akaondoka, akavuma;
majirani walewale wakachangia bango.
Wa sita, Emmett Drozd, mrushaji mpira wa besiboli.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema waliosema.
Hawa walicheza kwingine,
sisi tukabaki na kutunza.

Drozd alikuja kulizindua, Jumamosi ya Oktoba,
mvua ya rasharasha, bendi ya shule ikipungukiwa na ngoma.
Aliuliza nyumba yao iko wapi.
Tukamwonyesha pampu namba nne ya kituo cha petroli.
Akasimama pale, kofia mkononi,
kama mtu anayengoja chenji.

Ndipo Bi. Halina Wojtkiewicz akavuka barabara
na kibao chake chekundu cha kusimamisha magari,
ingawa shule ilikuwa imefungwa.
Miaka hamsini na mmoja yuko kwenye kona ya Cutler,
filimbi kinywani, viatu vya mpira,
asubuhi na alasiri.
Akamtazama miguuni. Akasema:
"Emmett, bado hufungi kamba."
Na mtu yule aliyejaza viwanja watu elfu hamsini
akainama palepale, akafunga.

Kisha akatusimulia. Kipaza sauti kilikuwa hakijawashwa,
kwa hiyo tulisikia wachache tu
habari ya lori la maziwa, yeye akiwa na miaka saba,
breki, barafu, kiganja kilichomdaka ukosi,
kifungo cha koti kilichoruka kisionekane tena.
"Mkono huu," akasema, akiinua wa kulia,
"ulikoswa kwa futi nusu."
Bi. Halina alisema hakumbuki.
Vifungo, alisema, vimeng'oka vingi.

Jioni nilimwendea katibu na ndoo yangu.
Nikasema, nafasi ya saba ipo.
Akapekua kanuni, akanisomea:
mashuhuri ni yule ajulikanaye nje ya mipaka ya kitongoji.
Nje ya mipaka! Mama yule hajafika hata Toledo.
Halafu jina lake, alisema, refu mno.
Nikaenda kupima kwa rula, kwenye giza, tochi mdomoni.
Kweli, halienei.

Rangi iliyobaki ilikuwa ya kijiko.
Rangi ikiganda haina mwenyewe.
Jumatatu, kabla ya kengele, nikamwomba kile kibao,
nikamdanganya kwamba mpini umechakaa.
Mpini ni mwembamba na mrefu;
jina refu lilijilaza humo lote, mpaka herufi ya mwisho.

Ukiwa ndani ya gari hulioni.
Wanaoliona ni wale wa kimo cha kiuno chake,
wanaongoja kuvuka na mabegi kuwazidi.
Walioanza kusoma hulisoma kwa sauti, wakikosea.
Wengine humuuliza ni nini,
naye huwaambia: tazama barabara.