Utosi

Lifti ikiharibika napanda ngazi,
mia mbili na tano, nimezihesabu kwa magoti.
Chai nimekunywa nusu kikombe tu:
huko juu hakuna choo.
Wanaume wana chupa zao,
mimi nina subira.

Kibanda ni kioo, hata sakafu.
Naketi, nainama,
na kati ya viatu vyangu kuna Kilindini:
sitaha ya meli, gati la kumi na tisa,
malori kwenye foleni kama siafu wenye taa.

Nawajua watu kwa utosi.
Nyevu ana kofia ya manjano
yenye ufa uliozibwa kwa gundi.
Mwachiro hutembea bega la kushoto likitangulia.
Nyuso zao sizijui.
Tungegombania bei ya viazi Mwembe Tayari
nisingewaamkia.

Mzigo ukining'inia huyumba.
Mgeni wa kazi huuvuta nyuma, akidhani ni punda,
nao unazidi.
Bi Dzame, aliyenifundisha, sauti kama msumeno,
aliniambia: Usiushike. Ufuate.
Unapokwenda nenda nao,
ufike kabla haujarudi,
utatulia wenyewe.
Nilijaribu na kwa mume wangu.
Haikufaa.

Baba alibeba kahawa Shimanzi, kilo sitini kwa gunia,
shingo ikanenepa kama ya fahali
kisha ikakataa kugeuka.
Ukimwita kwa nyuma aligeuka mwili mzima,
taratibu, kama meli.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema,
na mimi nainua tani thelathini kwa vidole viwili,
skrini inaniambia namba, namba tu,
iwe mchele, iwe mitumba, iwe vigae.
Lakini shingo yangu nayo imeanza.

Jumanne, saa kumi kasorobo usiku,
tulikuwa tunapakia chai.
Spreda ikauma pembe nne, taa ikawa kijani, nikainua.
Skrini: kumi na nne.
Kumi na tisa.
Ishirini na tatu.
Chai haiongezeki uzito hewani.
Nikatazama kati ya viatu vyangu
nikaona lori zima limefuata,
magurudumu yakizunguka polepole
kana kwamba lina safari.
Kufuli za trela hakuna aliyezifungua.
Redio ikapasuka, Nyevu:
Mama, mtu! Kuna mtu ndani!

Mkono ulitaka kushtuka.
Ukishtuka huku, kule mtu hufa.
Lori lilipoyumba kuelekea maji nikaenda nalo,
liliporudi nilikuwa nimeshafika.
Nikalishusha kama sinia la vikombe
katika chumba cha matanga,
na kwenye redio nilikuwa nasema, sijui kwa nini,
pole baba, pole, unafika, unafika.

Mlango ukafunguka.
Ukatoka utosi mmoja usio na kofia,
kipara katikati, duara, kadiri ya shilingi.
Ukakaa chini kwenye lami
ukakaa sana.

Niliandika ripoti, kurasa tatu.
Wakubwa waliuliza kufuli, wakauliza dakika,
wakauliza nilikula nini usiku ule.
Nikawaambia nusu kikombe.
Wakaandika hilo pia.

Leo, kantini ya Kipevu, foleni ya mbaazi na mahamri,
nimemwambia muuzaji, ongeza mchuzi, usinibanie,
na mtu aliye mbele yangu
akageuka mwili mzima.
Sura ngeni. Kovu kidevuni, macho mekundu ya shifti.
Akasema, Ni wewe.
Wewe ndiye uliyeniambia nafika.

Sahani ilikuwa inaniunguza vidole.
Sikuwa na hakika naye.
Nikamwomba avue kofia,
ainame kidogo.