Makumi Matatu

Shangazi Obdulia hana haja ya kitabu.
Ana rula ya mbao, ana kopo la bati uani,
ana kipimajoto chenye ufa, zawadi ya benki.
Chipukizi likifika sentimita kumi, anasema,
mvua ikijaza milimita kumi,
na joto lisipungue nyuzi kumi usiku kucha,
basi vaa viatu, mgeni yu njiani.

Mgeni huyo ni wajina wa asubuhi zetu:
ukungu.
Ule unaopanda kutoka baharini hadi Meaño,
ukafuta mnara wa kanisa, ukafuta ng'ombe,
hauna neno; saa nne umekwenda zake.
Huu mwingine hauendi.

Jumatatu niligeuza jani.
Juu, doa la njano, kama mafuta ya kukaangia
yaliyodondokea karatasi.
Chini, manyoya meupe, laini,
ungedhani kifaranga amelala hapo.
Siku ya tatu, majani arobaini. Nikaacha kuhesabu.

Nilimlaumu Eladio, aliyekwenda Uswisi kupaka rangi nyumba za watu,
mizabibu yake ikijilea yenyewe ng'ambo ya ukuta.
Upepo hauombi ruhusa mpakani, nilimwambia kwa simu.
Nilimwambia na mengine.
Alinyamaza; nikasikia tramu ikipita huko aliko.

Shangazi hakusema kitu. Alichukua kijiti
akachokoa udongo chini ya mzabibu wa baba.
Majani ya mwaka jana, meusi, yameshikana
kama kurasa za daftari lililotumbukia mtoni.
Yale niliyoahidi kuyafagia Novemba,
wiki ile tuliyomzika, nikapanda basi la Vigo.

Hapo ndipo ulipolala msimu wote wa baridi.
Tone likapiga tope,
tope likaruka likashika jani la chini,
jani la chini usiku likatema mbegu,
na mbegu, zenye mikia, zikaogelea kwenye umande
zikitafuta vitundu ambavyo jani huvutia pumzi.

Tulikoroga mrututu na chokaa kwenye pipa.
Nilibeba bomba mgongoni, safu kwa safu, chini ya chanja,
nguzo za mawe zikageuka bluu, kope zangu bluu.
Nilipofika ukutani sikugeuka.
Niliuruka.
Shangazi akaita, supu inapoa.
Bado lita tatu, nikamjibu,
na Eladio ana safu mbili huku.