Msimu wa Ghala Tupu

Gunia la mwisho lilipotoka
nikaivika mizani turubai,
nikafagia maganda, vumbi, na buibui watatu
waliohamia dirishani bila kibali.
Bodi ikanung'unika: ghala tupu halileti shilingi.
Katibu Liugu akasema: basi watu wacheze humu.

Ndivyo ilivyoanza ligi ya ndani, Tandahimba.
Ligi ya kulipwa, tafadhali, si bonanza:
timu sita, watano watano,
elfu saba kwa mechi, na soda ukishinda.
Mimi karani wa mizani nikawa karani wa mabao.
Kalamu ileile. Daftari lilelile,
nimeligeuza tu, naanzia nyuma.

Humu mpira hautoki.
Hakuna kurusha, hakuna kona, hakuna kupumua.
Ukipiga vibaya, ukuta unakurudishia kosa lako
kabla hujaomba radhi.
Stakabadhi FC walijifunza hilo kwa mabao tisa
mbele ya vijana wa Mahuta waliojiita Kangomba,
jina lililomkera mwenyekiti
hadi akaniagiza niandike "Timu ya Pili".
Nikaandika Kangomba.

Bakiri Mpilikia alikuja siku moja kabla, peke yake,
akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
hatua kwa hatua, kama mama achaguaye tikiti.
Pale karibu na mlango, plasta ilipobanduka,
mpira hurudi chini chini, mvivu,
kama mtu aliyeamshwa.
Hakumwambia mtu.
Mabao kumi na manne msimu mzima;
saba yalitoka palepale.

Mei ikaja na salfa.
Watazamaji waliingia na nyusi za njano,
mashine za kupulizia wameziegesha nje, zinanuka petroli.
Kipa wa Nanyamba alipiga chafya
penalti ikiwa njiani.
Nimeandika: bao, dakika ya 22, chafya.

Julai fedha ikakauka.
Liugu akagawa karatasi zenye muhuri:
mtalipwa baada ya mnada.
Wakacheka, kile kicheko cha mkulima;
baba zao wana karatasi kama hizo chini ya godoro.
Wawili wakaaga.
Ausi Namkopa akabaki, na goti lake bichi.
Saruji ilimla ngozi mechi sita mfululizo,
mkewe akimwosha kwa maji ya chumvi,
nusu ndoo,
na maji yenyewe ya kununua.

Fainali: Jumapili ya mwisho ya Septemba.
Korosho haisomi ratiba.
Nne kwa nne, dakika ya thelathini na moja,
Mpilikia anaitazama plasta yake, mguu umeshanyanyuka,
fuso likapiga honi mlangoni.
Honi ya pili.
Refa akatazama saa, kisha mimi.
Mimi nikaitazama mizani, bado imevaa turubai.
Milango ikafunguliwa,
jua likaingia uwanjani kama mchezaji asiyesajiliwa.
Gunia la kwanza likalazwa kwenye goli la kusini.
Hakuna aliyepiga filimbi.
Ausi ndiye aliyeuokota mpira,
akaukumbatia kidogo, akauliza:
huu nao unapimwa?

Leo Novemba. Magunia yamekaribia bati.
Nyuma yake, kwa chaki: 4–4.
Mpilikia sasa ni mbebaji,
kilo themanini begani,
na kila apitapo mlangoni
huigusa ile plasta kwa kiwiko.
Sijui kama anajua kwamba namwona.

Juzi mkaguzi alipekua daftari kutoka nyuma.
Akauliza: haya majina na dakika ni ya nini?
Nikamwambia, mzigo uliobaki ghalani.
Haujauzwa.
Akanitazama kitambo,
akachomeka kipimo cha unyevu guniani,
akaendelea na kazi.