Nyumba Imejaa

Kreti ya zabibu tuliipindua ikawa meza,
taa ya chaji tukaitundika kwenye mzani wa ghala.
Hombolo, usiku wa Agosti,
upepo ukipita chini ya mlango
na vumbi lake jekundu, bila hodi.

Tulikuwa wanne: mimi, Chilongani wa mzani,
Nhonya aliyekuja kulinda kreti zake,
na Lugendo, dereva wa kiwanda,
aliyefika jioni na lori tupu
akasema tutapakia asubuhi.
Yeye ndiye aliyetufundisha poka.
Albastini naijua tangu utotoni,
lakini hii, alisema, haina mwenzi wa kumkonyeza.
Kila mtu na tumbo lake.

Tulianza kwa karanga.
Nilishinda karanga, nikala ushindi wangu,
nikakosa dau, nikakopa kwa Nhonya.
Kisha mia mbili mbili. Kisha noti.

Saa nane usiku nikaokota karata tano:
malkia wa kopa,
malkia wa uru,
malkia wa shupaza,
na takataka mbili.
Nikatupa takataka. Nikapewa kumi,
na kumi nyingine.

Lugendo alibadili karata moja tu.
Niliona. Naapa niliona.
Lakini aliyeshiba haulizi jirani kapika nini.
Nilikuwa nawahesabu malkia wangu,
na kila nikiwahesabu wako watatu,
na kila wakiwa watatu nafurahi upya.

Chilongani akalaza zake. Nhonya akalaza zake,
akajifunika shuka mpaka kichwani.
Lugendo akapiga mwayo, akaongeza elfu tano.
Mwayo ule niliuamini kuliko macho yangu.
Nikafungua fundo la leso:
elfu thelathini na tano, hela ya wachumaji,
mama kanipa niilinde
kwa kuwa mimi, kwetu, ndiye mwenye akili.

"Nyumba imejaa," nikasema,
kwa jina lile lile alilotufundisha.
"Imejaa kweli," akasema. "Hongera."
Kisha akaweka zake, moja moja,
kama mtu anayepanga vikombe:
nne ya kopa.
Nne ya uru.
Nne ya pau.
Hapo nikaiombea shupaza iwe kwa mtu mwingine,
iwe chini ya kreti, iwe imepotea safarini.
Nne ya shupaza.

Vinne! Vikarata ambavyo nyumbani
tunavitupa bila kuvitazama.

Kinachouma si hela.
(Hapana. Hela inauma.)
Lakini mkono mbovu ungeniokoa:
ningepoteza mia mbili, nikalala.

Alfajiri mama akaja na wachumaji sita.
"Mbukwenyi," akasalimia, akaenda moja kwa moja kwenye kreti zetu,
akainua kishada kwa viganja viwili kama mtoto wa siku saba.
Kipimo cha sukari kikasoma ishirini na tatu.
Chilongani akapangusa kioo, akasoma tena.
Tangu ghala lijengwe, akasema, hajaona.
Mama akacheka peke yake.
Nikakijua kicheko kile. Usiku nilikuwa nacho.

Lugendo alimaliza chai, akakung'uta kikombe,
akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati,
imekunjwa mara nne, pembe zimechakaa.
Matangi yamejaa.
Kiwanda kitachukua kreti kumi kwa kila mkulima,
kwa nusu bei.
Zilizobaki, labda wiki ijayo.

Mfuko ule ulikuwa mbele yangu usiku kucha,
shibiri moja juu ya zile nne.

Nyuki walikuwa wameshafika.
Kreti za chini zilianza kudondosha maji yake
matamu, polepole, kwenye sakafu.
Mama hakumtazama dereva. Alinigeukia mimi:
"Basi tuwalipe hawa kwanza, waende. Lete."

Nikatia mkono mfukoni, nikampa leso.
Fundo lilikuwa limefunguka zamani,
lakini kitambaa kilikuwa bado kimejikunja,
kimeshika umbo la kitu.