Bomba Halijui Kengele

Nilikwisha andika ubaoni:
Pipa lina kipenyo cha sentimita sabini.
Mwaka wa kumi na moja naandika pipa lilelile,
chaki inajua njia, mimi naifuata.
Sikudhani akanyoosha kidole, dawati la dirishani:
"Mwalimu, hilo pipa liko wapi?"

Darasa likacheka. Sabini na wanne, Kidato cha Pili B,
Vingunguti, joto la Februari limekalia bati.
Nikatafuta jibu la kumnyamazisha,
ninayo mengi, nimeyarithi.
Lakini nje, bomba la tangi letu,
ndo, ndo, ndo,
lilikuwa likihesabu badala yangu.

Nikasema neno nisilofundishwa chuoni:
"Sijui. Twendeni tukapime lile pale."

Wakatoka na kikombe cha muuza uji wa getini,
saa ya Hemedi iliyopasuka kioo,
daftari moja, mabishano mengi.
Robo lita ikajaa kwa dakika nne.
Nikazidisha upesi, kwa saa nane za masomo,
nikatangaza kwa sauti yangu ya ubaoni:
ndoo moja na nusu!
Sikudhani akatazama viatu vyake vilivyolowa.
"Mwalimu, bomba halijui kengele.
Usiku halilali."

Ndoo nne na nusu.
Nikafuta jibu langu mbele yao, kwa kiganja.
Nilidhani nitapungua kimo.

Alhamisi, kabla ya chai,
nikawasimulia walimu wenzangu kosa lile.
Mwalimu Ndimbo, ambaye fimbo yake
ina mahali pake juu ya kabati,
alikoroga kikombe kisicho na sukari, akakoroga tena.
"Kesho nitakaa nyuma darasani kwako.
Usiwaambie nimekuja kujifunza."
Walijua.
Wakamsogezea dawati lisilo na msumari.

Mkuu wa shule aliisoma hesabu yao mara mbili,
akauliza ni nani aliyewatuma.
"Pipa," akajibu Hemedi.

Fundi alikuja wiki ya tatu
na kipande cha mpira cha shilingi mia tano.
Bomba la upande wa vyooni bado linavuja.
Pipa la kitabuni nalo bado lipo,
mtihani unalitaka, tunalipitia.
Ila juzi, kabla sijagusa chaki,
vidole saba vilikuwa juu
na cha Sikudhani hakikuwemo:
alikuwa amegeuka nyuma,
akimsikiliza mwenziwe.