Ijumaa Printa Iliponyamaza

Zamani Ijumaa ilikuwa na sauti yake:
printa ikikohoa chini ya ngazi,
ikitema kurasa za makopo yaliyofichwa,
ukurasa mmoja, kopo moja,
ramani ya kijivu, kidokezo cha mafumbo,
na malalamiko ya waliotutangulia: matope, mbwa, miiba.
Zbyněk alizitoboa, akazipanga kwenye faili la kijani
kwa utaratibu alioujua yeye na Mungu wake.
Mimi nilichemsha mayai, nikajaza chupa chai,
na Jumamosi alfajiri tulipanda treni
na kilo moja unusu ya karatasi mgongoni.

Mvua ya bonde la Sázava ilizilainisha zikawa uji.
Upepo wa Machi uliwahi kutupokonya ukurasa wa sita
ukautupa kwenye haradali ya watu.
Zbyněk akaruka uzio, mtu mzima, kofia mkononi,
na mwenye shamba akadhani katorokwa na kuku,
akaja kumsaidia kufukuza.

Pembezoni niliandika nilichotaka.
*Hapa alianguka.*
*Hapa tulinuniana hadi stesheni.*
*Uyoga tele nyuma ya msalaba wa mawe. Jarmila asijue.*

Pasaka ya mwaka huu alikuja mpwa wetu Vendelín
na waya wake mwembamba,
akamimina makopo mia nane na ushee
ndani ya kifaa kisichozidi kipande cha sabuni.
Dakika nne. Chai yangu haijapoa.
"Shangazi, sasa mmetua mzigo."
Ni kweli. Mgongo wa Zbyněk umeshukuru.
Wino, uliokuwa ukigharimu kama paja la bata, hatununui tena,
na misonobari haina kesi nasi.

Ila tunatembea kimya.
Yeye anafuata mshale, mimi namfuata yeye.
Hakuna tena "Nisomee kidokezo, Květa, macho yangu hayaoni";
kioo kinamkuzia herufi, kinaziwashia na taa.
Sikujua kuwa kule kumsomea
ndiko kulikuwa kuzungumza kwetu.

Novemba kuni zilikuwa mbichi.
Akalitazama faili la kijani kando ya jiko:
"Tuwashie?"
Nikasema, washia.
Lakini kila ukurasa niliupitia kwanza,
na jiko halikushika mpaka saa tatu usiku.
Ule wa uyoga niliusunda mfukoni mwa aproni.
Siri ni siri.

Jumamosi iliyopita, chini ya daraja la reli,
mshale ulizunguka kama pia, ukasema tumefika.
Ujuzi wake wote ukaishia hapo.
Mita tatu za mwisho ni kazi ya vidole.
Wakapita watu wawili na mbwa;
tukainama, tukajifanya wachuma uyoga,
Desemba, ardhi imeganda kama bati.
Wakatusalimu kwa huruma.

Kisha kidole changu kikagusa sumaku,
na nyuma ya chuma kikatoka kikopo
kama kidole gumba cha mtoto.
Ndani yake, karatasi.
Imeviringishwa kama sigara, ina unyevu, inanuka kutu,
majina yamebanana juu yake.
Satelaiti zote zile huko juu,
na bado hujafika
mpaka uandike kwa mkono.

Zbyněk akajipapasa. Koti, suruali, begi.
Ana betri za akiba. Ana waya.
Ana hata koti la mvua la kile kifaa.
Penseli hana.
Akanitazama kama mtu aliyesahau jina la mkewe.

Niliichomoa kwenye nywele,
ndiyo iliyoshika fundo tangu asubuhi,
nywele zikanimwagikia mabegani, baridi ikaingia shingoni.
"Nisomee tarehe ya mwisho," nikamwambia,
"macho yangu hayaoni."

Akasoma tarehe.
Kisha, bila kuombwa, akasogea kwenye mwanga
akaanza kunisomea majina,
kutoka la kwanza.